Ahadi Haizuii Kombora



Dada mmoja ameuliza kwenye kikundi chetu cha maombi swali ambalo wengi mnalo lakini mnaogopa kumuuliza mchungaji. "Pasta, kila Jumatano tunaombea Ukraine amani, na huku mataifa yanaendelea kuipelekea silaha. Sasa sisi tunaomba nini haswa?"

Swali zuri. Nitalijibu kwa urefu kidogo leo, kwa hivyo mimina chai, ukae.

Tuanze na mambo yalivyo. Urusi iliivamia Ukraine kwa nguvu zote tarehe 24 Februari 2022. Oktoba mwaka huohuo ikaanza kupiga mitambo ya stima kwa makombora na droni, baridi ikikaribia. Na baridi ya kule si ile ya Limuru mwezi wa Julai. Ni ya theluji, maji yanaganda ndani ya mabomba. Stima ikipotea, nyumba inageuka friji, na mzee wa ghorofa ya tisa hana lifti, hana jiko, hana maji.

Kinachozuia hayo ni ulinzi wa anga, na huo hufanya kazi kama ulinzi wa boma. Wewe nyumbani una ukuta, una mbwa, una mlinzi wa geti, kisha una mlango wa chuma. Kila kimoja kina mwizi wake. Ukraine nayo ina bunduki za Gepard kutoka Ujerumani za kuangusha droni, ina mitambo ya IRIS-T na NASAMS ya makombora yanayoruka chini chini, halafu ina Patriot ya Marekani kwa yale makombora yanayotoka juu sana kwa kasi ya kutisha. Kwa hayo ya mwisho, ni mitambo michache mno duniani inayoweza kuyazuia. Patriot zilifika Ukraine Aprili 2023, na mwezi uliofuata zikaangusha kombora aina ya Kinzhal juu ya Kyiv, kombora ambalo Urusi ilijisifu kwamba halizuiliki.

Sasa nijibu swali.

Kwanza, ngao si upanga. Unaweza kubishana nami kuhusu vifaru na mizinga, na nitakusikiliza. Lakini kombora la kujilinda linakwenda kukutana na kombora lingine angani. Halikumtafuta mtu usingizini. Tarehe 8 Julai 2024 kombora lilipiga Okhmatdyt, hospitali kubwa zaidi ya watoto nchini humo, ambako watoto wa kansa na wa figo hutibiwa. Akina mama walitoka nje wamebeba watoto, dripu zikining'inia. Niambie, mpendwa, ungekuwa na uwezo wa kulizuia kombora lile, ungekataa kwa sababu ni silaha?

Kuna anayesema, "Pasta, ukiwapa ngao, vita vinarefuka." Hoja hiyo haina upumbavu ndani yake. Ni kweli nchi iliyolindwa juu inapata nguvu ya kuendelea kupigana. Lakini angalia unamwambia nani afanye nini. Unamwambia mama wa Kyiv aache paa lake wazi ili vita viishe haraka. Unamtaka anunue amani kwa mtoto wake. Anayeweza kuvimaliza vita usiku wa leo ni yule anayerusha. Mzigo usimtwike anayejikinga.

Na Biblia haijanyamaza hapa. Lutu alipotekwa, Abrahamu hakuitisha mkesha peke yake. Aliwachukua watu 318 waliozaliwa nyumbani kwake, akafuata usiku, akamrudisha ndugu yake na wanawake na watu wengine. Halafu mfalme wa Sodoma alipotaka kumlipa kwa mali, Abrahamu alikataa hata uzi na kamba ya kiatu. Shika hapo kwa uzi, tutarudi.

Pili, ahadi haizuii kombora. Sisi Wakenya tunaujua ugonjwa huu kwa jina: ahadi ya harambee. Mtu anasimama mbele ya kamera, anataja kiasi, watu wanapiga makofi na vigelegele, mweka hazina anaandika. Miezi sita baadaye kadi ya ahadi iko kwa faili na paa la kanisa bado ni turubai.

Oktoba 2023, Rais Biden aliliomba Bunge la Marekani fedha za kusaidia Ukraine, kiasi cha dola bilioni 61. Wabunge wakavutana majira yote ya baridi kwa mambo yao ya mpaka na ya kura. Baraza la Wawakilishi lilipitisha tarehe 20 Aprili 2024. Lakini siku tisa kabla, tarehe 11 Aprili, makombora yaliharibu kabisa mtambo wa umeme wa Trypilska, uliokuwa mkubwa kuliko yote katika mkoa wa Kyiv. Rais Zelenskyy alieleza baadaye kwamba yalikuja makombora 11. Saba yakaangushwa. Manne yakapita, kwa sababu walinzi walikuwa wameishiwa na makombora ya kuyazuia.

Siku tisa, wapendwa. Hawakukosa ujuzi wala ujasiri. Walikosa kile walichoahidiwa. Ndiyo maana Yakobo anatuonya juu ya mtu anayemtakia ndugu aliye uchi joto na shibe, halafu anaenda zake bila kumpa kitu. Ukiona huwezi kutoa, sema mapema, mwenzako atafute kwingine. Kumwacha mtu akingoja mkono ambao hauji ni ukatili wenye tabasamu.

Tatu, ngao ya kuazima ina mwenyewe. Hapa naongea na wale wanaodhani Ukraine imepata wafadhili kwa hivyo imemaliza. Mwaka 1994, huko Budapest, Ukraine ilikubali kuacha silaha za nyuklia zilizokuwa katika ardhi yake. Nayo Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Karatasi ipo mpaka leo. Machi 2025 Marekani ilisimamisha msaada kwa siku kadhaa baada ya marais wawili kukosana mbele ya kamera. Aprili ukasainiwa mkataba wa madini. Julai mizigo mingine ikasimamishwa tena, kisha ikaruhusiwa, na Ulaya ikaambiwa ilipie.

Unakumbuka ule uzi wa Abrahamu? Msaada wa mataifa mara nyingi una kamba ya kiatu ndani yake. Isaya aliwaonya watu wa Yuda waliokimbilia Misri kutafuta farasi na magari ya vita. Tatizo halikuwa farasi. Tatizo ni moyo uliohamia Misri.

Halafu kuna hesabu. Kombora moja la kisasa la Patriot linagharimu karibu dola milioni 4. Droni ya Shahed inakadiriwa kugharimu makumi ya maelfu ya dola tu. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 2025, Urusi ilirusha droni zaidi ya 800. Hakuna tajiri anayeweza kuua nzi kwa risasi za dhahabu kila usiku. Ndiyo maana Waukraine wameanza kutengeneza droni zao wenyewe za bei nafuu za kugonga droni. Wanashukuru kwa cha jirani huku wakijenga chao, kama watu wa Nehemia, mkono mmoja kazini na mwingine umeshika silaha.

Nne, na hapa naomba wazazi msome pole pole. Vita hivi viko mlangoni mwetu. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wasichana wa Afrika, wakiwemo kutoka Kenya, Uganda na Rwanda, walivyovutwa kwa matangazo ya mtandaoni ya kazi na masomo hadi Alabuga, huko Tatarstan nchini Urusi. Wengine walijikuta kiwandani wakiunganisha droni. Na Novemba 2025 serikali yetu ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi.

Kwa hivyo sisi tunafunga na kuomba Mungu aifunike Kyiv, na huenda kitu kinachoangukia Kyiv kimefungwa skrubu na binti wa Kiafrika aliyeahidiwa kazi ya hoteli. Kijana, usisaini mkataba wa lugha usiyoisoma. Ajenti akikuharakisha, akikukataza kuwaambia wazazi, toka hapo. Leta karatasi hizo ofisini kwangu. Kuna mawakili hapa kanisani, watazisoma bure. Njaa ni ya kweli, naijua, kodi ya nyumba haingoji. Lakini hatutanyamaza mkiuzwa.

Na kwa yule atakayeandika hapo chini, "Mbona Sudan hamuisemi?" umesema kweli. Tarehe 19 Septemba 2025 droni ilipiga msikiti El Fasher watu wakiwa kwenye sala, na zaidi ya 70 wakafa. Hakuna Patriot iliyopelekwa Darfur. Dunia huchagua wa kumfunika. Kanisa halina ruhusa ya kuchagua. Wale wa msikitini ni jirani zetu, na wako karibu kuliko Kyiv.

Basi, dada, jibu langu ni hili: omba vyote viwili. Omba mkono unaorusha uchoke, na omba ngao ifike kabla ya kombora. Wiki hii tubebe haya:

1. Walio gizani na kwenye baridi Ukraine, na waliozingirwa Sudan.
2. Viongozi wenye uwezo wa kutoa, watoe kwa wakati, bila kamba ya kiatu.
3. Vijana wetu walioko Urusi, warudi nyumbani wakiwa hai.
4. Wewe mwenye ahadi uliyomtolea mtu na hujatimiza. Timiza wiki hii, au umwambie ukweli.

Ukiwa na mtoto au ndugu aliyeondoka kwa kazi ya huko na hamsikii, usiandike jina lake hapa. Nipigie.

Mungu awafunike. Amina.