Mfinyanzi Hulia Gaeni: Ni Lini Tutaionja Chai Yetu?

Hapa Sigowet, ukifungua dirisha asubuhi unaona kijani kitupu mpaka macho yachoke. Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Zamani nilidhani methali hii ni ya watu wa vyungu tu. Sasa najua kwamba inatuhusu sisi wa majani chai, na katika ukurasa huu nataka kueleza kwa nini.

Krismasi iliyopita binamu yangu alitoka Nairobi akiwa amebeba mkebe mdogo wa bati uliochorwa maua. Ndani mlikuwa na majani ya chai yasiyotiwa katika vifuko, yakiwa yamechanganywa na vipande vya matunda makavu na harufu ya vanila. Alipoufungua, jamani, nyumba nzima ilinukia kama duka la keki! Tulianza kuisifu hata kabla maji hayajachemka. Mama akatoa vikombe vya wageni. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alipiga funda moja, akanyamaza, akakiweka kikombe chini. "Mjukuu wangu," akasema, "hii ni nzuri ya kuogea."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Lakini usiku, nilipokuwa nikiosha vyombo, niliusoma ule mkebe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kuwa chai nyeusi iliyomo ndani imetoka Kenya. Kumbe! Chai ilitoka katika vilima kama hivi vyetu, ikavuka bahari, ikatiwa manukato, ikarudi kwetu ikiwa na bei ambayo mama alikataa kuiamini. Nasi tukaipokea kama mgeni wa heshima.

Sasa nikuulize wewe msomaji, hasa wewe uliyelipiwa karo kwa majani chai: umewahi kuionja chai yenu? Sisemi kunywa. Kunywa tunakunywa kila siku, maziwa nusu, sukari vijiko vitatu, inachemshwa mpaka inalia. Nasema kuionja, ikiwa peke yake, bila maziwa wala sukari, ujue ina nini. Mimi sikuwahi, na nimeanza kuchuma tangu nikiwa darasa la tatu.

Tusijilaumu kupita kiasi, maana historia nayo ina lake. Makampuni ya Waingereza yalipofungua mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, chai haikuwa mmea wa Mwafrika kuupanda bali wa kuuchuma. Wakulima wadogo walianza kuruhusiwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwasimamia. Leo wakulima hao ndio wanaozalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Lakini kazi yetu huishia pale kwenye kituo cha kupimia. Majani yakishapandishwa lorini, kwaheri. Kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa yageuke rangi ya shaba, hukaushwa na kuchekechwa. Halafu hupelekwa Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Huko kuna watu ambao kazi yao ni kuonja. Wao ndio wanaojua ladha ya Sigowet, sisi hatuijui! Katika kila kilo mia za chai zinazotengenezwa nchini, zisizofika kumi ndizo zinazonyweka hapa nyumbani.

Nilipomweleza mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili jambo hili, hakunicheka. Alisema, "Basi tuionje." Jumamosi moja ya muhula wa kwanza tukakutana katika chumba cha maakuli, wanachama kumi na wanane. Mizani tuliazima maabara. Vikombe tulitoa jikoni, kwa sababu mwalimu wa kemia alikataa katakata tusinywe chochote katika vyombo vyake. Tulifuata kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6, hakuna maziwa. Vikombe vilipewa namba ili mtu asiongozwe na jina. Tukafundishwa kuvuta chai kwa kijiko, kwa nguvu na kwa kelele, ili hewa iingie na harufu ipande puani, halafu kuitema katika ndoo. Kidato cha kwanza walifurahi ajabu kuruhusiwa kufyonza kwa kelele mbele ya mwalimu.

Tatizo la kwanza halikuwa chai, lilikuwa maneno. Tulionja kikombe cha kwanza, kila mtu akasema, "Ni tamu," ilhali haikuwa na hata chembe ya sukari! Ndipo mwalimu akatuamuru tuweke vijiko chini tutafute Kiswahili kwanza. Tukakubaliana hivi. Ule ukali unaoshika ulimi na ufizi, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi, ni ukakasi. Chai inayoujaza mdomo ina uzito. Inayoamsha ulimi ni changamfu. Isiyoamsha chochote, iliyo kama maji yaliyopitiwa na majani, ni chai iliyolala. Na harufu inayobaki mdomoni baada ya kumeza au kutema tuliiita mkia. Baada ya hapo mambo yalinyooka.

Sasa matokeo, bila upendeleo.

Kikombe namba moja kilikuwa chai ya pakiti ya kawaida kutoka viwanda vya huku kwetu, ile tunayopikia kila siku. Rangi yake ilikuwa nyekundu inayong'aa, kama shaba iliyosuguliwa. Changamfu, ina uzito, ukakasi wake haukwaruzi. Watu kumi na wawili waliiweka ya kwanza au ya pili bila kujua ni ipi. Namba zilipofunuliwa, mmoja wetu alipiga kelele, "Kwani hii ndiyo ile ya nyumbani?" Ndiyo, dada, ndiyo ile.

Namba mbili ilikuwa chai ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa sana kusini mwa Italia. Mafuta ya ganda lake ndiyo yanayotiwa katika majani. Ilinukia vizuri na chini ya harufu kulikuwa na chai ya kweli. Wengine walisema inawakumbusha mafuta ya nywele. Mimi niliipenda kidogo, ila sitaacha uji kwa sababu yake.

Namba tatu ilikuwa chai ya zambarau, ile aina ambayo watafiti wa chai hapa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Ukakasi wake ni mwingi, uzito ni mdogo, mkia ni mrefu. Mwalimu wa kemia, ambaye alikuwa amekuja kulinda mizani yake, alikamulia ndimu katika kikombe na rangi ikageuka waridi mbele ya macho yetu. Tulipiga makofi. Kwa ladha, hata hivyo, wengi walisema itabidi waizoee.

Namba nne tuliitengeneza wenyewe: chai ya namba moja, tangawizi iliyokaushwa juani na mchaichai wa bustani ya shule. Hii ilishinda zote. Harufu haikuifunika chai, ila ziliingia pamoja kama waimbaji wa sauti ya kwanza na ya pili.

Namba tano ilikuwa ule mkebe wa binamu. Harufu yake ilipofika, kila mtu alitabasamu. Ilipofika ulimini, tabasamu likaisha. Imelala! Tuliiacha ipoe kwa robo saa, vanila ikaondoka na mvuke, kikabaki kitu chenye ladha ya karatasi. Chai namba moja ilipopoa ilibaki chai. Hapo nikaikumbuka ile kauli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Msinielewe vibaya. Sisemi chai yenye ladha za kuongezwa ni uovu. La hasha! Wachina tangu zamani hulaza majani ya chai pamoja na maua ya asumini usiku kucha, tena na tena, mpaka majani yanywe harufu. Ndugu zetu wa Pwani na Zanzibar hutia iliki, mdalasini na karafuu, na hakuna anayewalaumu. Ninachosema ni kwamba kiungo kizuri ni nguo, na nguo haiponyi mgonjwa. Ukitaka kujua chai yenye manukato ni nzuri, ingoje ipoe, uiulize tena.

Sasa nifike pale panaponiuma. Likizo ya Agosti mwaka jana nilikuwa nikichuma na mama. Sheria tunaijua sote: majani mawili na chipukizi. Lakini jua lilikuwa kali, kikapu hakijai, nami nilitaka kilo. Nikaanza kupakua majani ya tatu na ya nne, yale magumu, na kuyaficha katikati ya kikapu. Kisha nikashindilia guniani ili yaingie mengi. Karani aliangalia juu tu, akapima, akaandika. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Mama aliona kilo kwenye risiti, akanitazama, akasema maneno machache tu, "Umeuza jina la baba yako kwa kilo nne." Nilidhani anatia chumvi. Kilo nne, kwani nani atazijua ndani ya lori zima?

Jibu nililipata siku ile ya kuonja. Mwalimu alikuwa ameleta namba sita bila kutuambia: makapi ya majani magumu na nyuzi yaliyochekechwa kutoka katika chai nzuri. Niliivuta kwa kijiko. Haikuwa mbaya ya kutema kwa hasira. Ilikuwa imelala tu, kama ile ya mkebe, ila hii haikuwa hata na vanila ya kuifichia aibu. Nikaziona kilo zangu nne. Jani gumu lina nyuzi nyingi na nguvu kidogo, na jani lililoshindiliwa hupata joto na kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Hakuna mashine ya kulirudisha.

Kila mwaka bonasi inapotangazwa tunalalamika, na tuna haki. Kwa miaka mingi viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vimekuwa vikiwalipa wakulima wao zaidi ya hivi vyetu vya magharibi. Sababu ni nyingi, na sisemi zote zimo mikononi mwa mchumaji. Kuna mambo ya usimamizi, ya soko, ya udongo na mwinuko. Lakini swali letu moja hatuliulizi: tulipeleka nini kwenye lori?

Mtu atanijibu, na ana haki pia, "Wewe mtoto, anayechuma vizuri na anayechuma ovyo hulipwa sawa kwa kilo. Kwa nini nijisumbue?" Huo ndio ukweli mchungu. Mizani ya kituoni hupima uzito, haipimi ladha. Mwema na mzembe huchanganywa katika gunia moja, na bei ya Mombasa huwaangukia wote. Kwa maoni yangu, mambo hayatabadilika mpaka mkulima mwenyewe aweze kuonja na kusema hii ni nzuri, hii imelala, nani ameiharibu? Asiyejua ladha ya mali yake atajuaje kama amepunjwa au amejipunja?

Kwa hiyo natoa maoni yangu, ayapendaye ayachukue. Kwanza, kila shule iliyo katika eneo la chai iwe na siku moja ya kuonja kwa mwaka. Gharama yake ni maji moto na vikombe. Pili, viwanda viwakaribishe wakulima waionje chai iliyotoka katika majani yao, si mkutano wa hotuba na soda tu. Tatu, sisi vijana tupande mchaichai na tangawizi kando ya mashamba, tujifunze kuchanganya wenyewe. Kama chai ya Sigowet itatiwa harufu, kwa nini isitiwe Sigowet? Nne, tuendelee kuyatafuta maneno ya Kiswahili ya ladha, kwa maana kisicho na jina hakina mtetezi.

Wikendi ya mapumziko nilimchemshia Kogo namba moja, bila maziwa. Alinung'unika kwamba sturungi ni ya wagonjwa na ya watu walioishiwa. Nikamsihi, "Kogo, funda moja tu." Akavuta, kwa kelele kuliko sisi sote. Akanyamaza kitambo. Kogo amechuma chai kwa zaidi ya miaka arobaini, vidole vyake vimeparara na weusi wa utomvu hautoki tena. Akasema polepole, "Kumbe ndiyo hii wanayoilipia."

Kisha akaomba maziwa. Nami nikampa.