Kukataa Watoto Siyo Kufundisha

"Dada, shule ikikuchukulia mwanao kirahisi, ikimbie."

Jirani yangu aliniambia maneno hayo kwa nia njema kabisa. Tulikuwa tumebanana kwenye benchi chini ya mwarobaini, nje ya geti la shule moja ya binafsi hapa Dar es Salaam, Jumamosi ya usaili wa kidato cha kwanza. Ndani, binti zetu walikuwa na rula, kalamu mbili na namba ya karatasi iliyobanwa kwa pini kifuani. Nje, wazazi tulikuwa wengi kuliko viti, na kila gari lililoingia na mtoto mwingine lilitufanya tuipende ile shule zaidi. Siku ile nilimkubalia jirani yangu. Leo nambishia.

Imani hii iko kila mtaa: shule inayokataa wengi ndiyo shule nzuri. Foleni ya usaili, alama za juu za kuingilia, orodha ya akiba yenye majina mengi, vyote tumevifanya vyeti vya ubora. Mzazi ambaye mwanawe amekosa nafasi huitaja shule hiyo kwa heshima, kana kwamba kukataliwa nayo kumemthibitishia kuwa ni kubwa kweli.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na daraja A linaanzia alama 241. Mtoto wa alama hizo amekwisha jifunza kusoma swali, kutulia na kujituma. Wamemfikisha hapo walimu wa msingi, wazazi, pengine na mwalimu wa tuisheni wa jioni. Usaili wa shule za binafsi unamsaka huyohuyo, mara nyingi hata kabla matokeo hayajatoka. Miaka minne baadaye anapata divisheni wani, pointi 7 hadi 17, na bango linapanda getini. Aliyenunua ng'ombe aliyenona tayari hatumwiti mfugaji hodari. Kwa nini shule tunaisifu kwa kazi iliyofanywa kabla mtoto hajaikanyaga?

Na jambo hili limepimwa, tena hapa jirani. Wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu shule za sekondari za kitaifa za Kenya, zile ambazo familia nzima huzililia. Waliwalinganisha watoto waliovuka kiwango cha kuingia kwa alama chache tu na wale waliokikosa kwa alama chache tu. Watoto hao wanakaribiana kwa uwezo. Kilichowatenganisha ni geti. Mtihani wa kidato cha nne ulipofika, ushahidi kwamba shule hizo zilikuwa zimewaongezea alama ulikuwa haba. Mwaka huohuo wachumi wengine walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kuhusu sekondari za mchujo za Boston na New York. Najua shule za kitaifa za Kenya ni za serikali na zetu ninazozisema ni za watu binafsi. Lakini mchujo ni mchujo, awe anaufanya waziri au mwenye shule.

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutaja shule kumi bora. Wazazi wengi tulinung'unika. Tulijiona tumenyang'anywa tochi. Tukatafuta kipimo kingine, na kilichokuwa karibu kikawa ugumu wa kuingia. Sasa tunaulizana, "Pale walifanya usaili wangapi? Walichukua wangapi?" Hakuna anayeuliza mwalimu wa fizikia amekaa pale miaka mingapi, au maabara inafunguliwa mara ngapi kwa wiki.

Mchujo wenyewe hauishii getini. Ziko shule zenye wastani wao wa ndani, na anayeshuka chini yake hukaririshwa darasa, au mzazi huitwa ofisini na kuombwa kwa sauti ya upole amtafutie mtoto shule nyingine. Wizara ya Elimu imekwisha kataza jambo hili, na bado wazazi wanaitwa. Mama mmoja niliyesali naye miaka mingi aliambiwa hivyo binti yake akiwa kidato cha tatu. Ada alikuwa amelipa yote. Alirudi nyumbani na godoro la mtoto juu ya bajaji.

Kwa hiyo, unaposoma kwenye bango kwamba watahiniwa wote wamepata divisheni wani, jiulize walioanza walikuwa wangapi. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili na ya kidato cha nne yako wazi kwenye tovuti ya Baraza, shule kwa shule. Chukua idadi ya waliofanya kidato cha pili mwaka 2022, kisha hesabu waliofanya kidato cha nne mwaka 2024 shuleni hapohapo. Mtoto mmoja mmoja huhama kwa sababu za kawaida, mzazi kahamishwa kazi au ada imeshindikana. Lakini darasa lililokuwa na watoto 100 likibaki na 70, mwulize mkuu wa shule wale 30 wako wapi. Mwulize ukiwa umekaa kitini, kabla hujatoa hata shilingi.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Karatasi ya usaili karibu kila mahali ni ya Kiingereza, na watoto wengi wa nchi hii wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Binti yangu alitoka chumba cha usaili macho mekundu. Swali lililomshinda lilihusu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Usanisinuru anaujua mpaka kuuchora: jani, mishale ya mwanga, maji yanayopanda kutoka mizizini. Lakini neno lililokuwa kwenye karatasi hakuwahi kulisikia. Aliliandika kwa wino kiganjani ili aje aniulize. Karatasi ile ilipima lugha ya shule aliyotoka, yaani ilipima mfuko wangu wa miaka saba iliyopita, kisha ikamwandikia kwamba hajafikia kiwango. Mtoto akakubali kwamba sayansi haiwezi.

Siidharau hofu ya wazazi. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya shule nyingi za serikali yamejaa kupita kiasi, na mzazi mwenye akiba kidogo anapotafuta mahali ambapo mwalimu atalijua jina la mwanawe, ana haki kabisa. Ugomvi wangu ni na kipimo tunachotumia kutafuta mahali hapo.

Maana hata foleni yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya kutengeneza, na mafundi wake ni sisi. Mimi nilinunua fomu katika shule nne, kila moja shilingi 30,000 isiyorudishwa. Binti yangu ni mmoja, lakini mwaka ule alihesabiwa kama watoto wanne. Kwenye benchi lile sikuona mzazi aliyeomba shule moja tu. Watoto 400 wakiomba shule nne kila mmoja, maombi yanakuwa 1,600, na kila shule inatangaza kwamba imezidiwa. Yule mtoto mwenye alama nzuri anapata nafasi zote nne, na wazazi wake wanazikalia zote mpaka Januari, "tuone kwanza". Nyuma yake wako watoto watatu katika orodha za akiba, wanaongoja kiti ambacho hakuna atakayekikalia.

Orodha ya akiba nayo haibandikwi popote. Matokeo ya usaili yalikuja kwenye simu, majina ya waliochaguliwa tu. Nilipopiga, karani akanijibu, "Mama, mwanao yuko akiba, ni wa kumi na nne." Wa kumi na nne kati ya wangapi? Orodha inafungwa lini? Hakujua. Orodha usiyoweza kuiona huwezi kujua kama inasogea au inarukwa. Wiki ile shemeji yangu alianza kutafuta "mtu wa kuongea naye" kwenye bodi. Mama mkwe aliweka nadhiri. Na binti yangu, mwenye umri wa miaka 13, alimweleza mdogo wake kwamba yeye ni namba kumi na nne. Alilitamka kama jina lake.

Shule inayojiheshimu ingebandika orodha hiyo kwa namba za usaili, ingetaja tarehe ya kuifunga, na ingemrudishia pesa ya fomu mzazi ambaye mwanawe hata hakuitwa. Wizara ingeweza kuyaweka haya kuwa masharti ya usajili. Na sisi wazazi, siku tunapolipa ada ya shule moja, tupige simu tatu zile nyingine tuachie nafasi. Dakika kumi zinatosha.

Binti yangu tulimpeleka kwenye shule iliyomchukua bila vishindo. Mkuu wake alikuwa ametuonyesha daftari la mahudhurio la kidato cha nne, na daftari la watoto haohao walipoingia kidato cha kwanza. Waliopungua walikuwa wawili, na sababu za wote wawili alizijua kwa majina ya mikoa waliyohamia. Wiki tatu za kwanza waliwafundisha Kiingereza cha darasani, neno kwa neno, pamoja na lile la kiganjani.

Wiki ya pili ya Januari, nikiwa jikoni, karani wa ile shule ya kwanza alinipigia. "Mama, nafasi imepatikana, lipa kabla ya Ijumaa saa kumi." Nilimuuliza walioingia kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi. Akasema atamuuliza mkuu wa shule. Nikamwambia basi asijisumbue, nafasi ile ampe wa kumi na tano, na ampigie leoleo, kwa sababu huko nako kuna mama anayeingia na simu mpaka bafuni.