Mifereji ya lami: Dawa ya Salgaa haiwezi kutibu Keringet

MKULIMA wa Keringet, Kuresoi Kusini, hana njia nyingine ya kufikisha viazi, maziwa na majani chai sokoni ila kwa lori. Barabara ikibonyea, gharama ya usafiri hupanda na bei anayopewa shambani hushuka. Ndiyo maana suala la jinsi lami inavyobadilika umbo chini ya magurudumu, ambalo huonekana kuwa la wahandisi peke yao, linamhusu pia mlipa ushuru wa kaunti ya Nakuru.

Lami si mwamba. Bitumeni inayoshikanisha kokoto hutegemea joto na muda wa kukandamizwa. Gurudumu likipita kwa kasi wakati wa baridi, lami hubonyea na kurejea kama mpira. Likipita polepole juani, lami hutiririka kidogo na sehemu ya mbonyeo huo hairudi. Mbonyeo mmoja hauonekani kwa macho. Mamilioni yake huacha mifereji miwili inayokusanya maji na kumvuta dereva asikotaka kwenda.

Ili kutabiri hali hiyo, wataalamu hutumia modeli za hesabu zinazoichukulia lami kama muungano wa springi na shokabsoba za gari: sehemu moja hurudi papo hapo, nyingine huchelewa, na nyingine hairudi kamwe.

Kenya si mgeni katika elimu hii. Kati ya 1971 na 1974, maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, ikishirikiana na Benki ya Dunia, ilichunguza uchakavu wa barabara za humu nchini. Matokeo yake yaliingia katika modeli ambazo baadaye zilitumiwa na mataifa mengi yanayostawi kupanga ujenzi na ukarabati.

Jaribio jingine kubwa, lililofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, lilionyesha kwamba madhara ya ekseli huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzani wake. Maana yake ni kwamba ekseli inayopaswa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, uharibifu hauongezeki kwa thuluthi wala nusu, bali huwa maradufu. Hapo ndipo umuhimu wa mizani ya Gilgil unapodhihirika.

Hata hivyo, uzani si jambo la pekee. Kwenye mwinuko wa kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, malori ya Eldoret na Malaba hupanda kwa gia ndogo, na kila gurudumu hukaa muda mrefu zaidi juu ya lami. Mzigo halali ukienda polepole hudhuru zaidi ya mzigo uo huo ukienda kasi. Hapo tabaka la lami lenyewe ndilo huhama, na dalili yake ni mfereji mwembamba wenye matuta kandokando.

Keringet ni kinyume. Baridi ya nyanda za juu huifanya lami kuwa ngumu. Adui ni mvua. Maji yakipenya hadi kwenye udongo wa chini, udongo hulegea na barabara nzima hudidimia. Mfereji wake huwa mpana na mara nyingi huandamana na nyufa.

Kwa hivyo, tiba hutofautiana. Mwinuko wa Salgaa unahitaji kukwanguliwa lami dhaifu na kuwekwa bitumeni ngumu yenye kokoto zinazoegemeana vyema. Keringet inahitaji mitaro, makalvati na msingi imara. Kumwaga lami mpya juu ya udongo uliolowa ni kupaka rangi nyumba yenye nguzo zilizooza.

Tahadhari hii imekuja wakati mwafaka. Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ambayo watumiaji wake watatozwa ada. Iwapo malori yatakwepa ada hiyo kwa kupitia Njoro na Molo, njia zinazotegemewa na mazao ya Kuresoi zitabeba uzani ambao hazikukadiriwa kubeba.

Kabla ya kutoa zabuni ya ukarabati, mamlaka za barabara zingefaa kuhesabu malori, kupima ekseli na kuchimba mashimo ya uchunguzi ili kujua ni tabaka lipi lililoshindwa. Gharama ya uchunguzi huo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuweka lami upya mara mbili.