Msiba Usiotandikiwa Mkeka

Mtu akifariki mitaani kwetu, kila mmoja hujua la kufanya. Tangazo hutolewa msikitini, maiti huoshwa na kukafiniwa, jeneza hupokezanwa mabegani, na majirani huwapikia wafiwa. Ndivyo alivyoagiza Mtume (S.A.W.) kwa watu wa nyumba ya Jaafar bin Abi Talib, alipouawa katika vita vya Muta mwaka wa 8 Hijria. (Siku hizi wafiwa ndio wanaotupikia sisi, lakini hayo tuyaache kwa leo.)

Aliyefariki akiwa kijana wa unga, mambo hubadilika. Watu hufika, ila kwa minong'ono. Upande wa wanawake swali la kwanza huwa ni amekufa kwa nini, na mama hulazimika kutaja homa au kifua ili kuisitiri nyumba yake. Ukweli ni kwamba mama huyu alianza kuomboleza zamani, tangu bangili zake zilipotoweka kabatini na mwanawe akaapa kuwa hazijui. Miaka yote hiyo hakuna aliyemtandikia mkeka wala kumpa mkono wa pole.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, yuko mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa ulevi na kuadhibiwa, kisha akaletwa tena. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akabainisha kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Ulevi haukuhalalishwa, na adhabu ilibaki pale pale. Kilichokatazwa ni kumlaani. Twaona khatibu anayetamka "mateja" juu ya mimbari kwa kebehi amekwenda kinyume na mwenendo huu, na mama aliye jikoni humsikia kupitia kipaza sauti.

Liko jambo jingine ambalo imamu huweza kulitatua kwa maneno machache. Kenya ilianza kutoa methadoni katika hospitali za umma mwishoni mwa 2014, na Malindi ikafuata mwaka wa 2015. Ni dawa ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Ramadhani ikifika, kijana hujikuta njia panda: akiinywa mchana amefungua, na akiiacha ghafla hushikwa na arosto, maumivu yanayoweza kumrudisha maskani. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kuwa mwili uliokwisha kupumzika na unga hauuhimili tena kama zamani. Kipimo alichokizoea huweza kumuua. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Imamu aitangaze ruhusa hiyo kabla ya mwezi kuandama, na awahimize vijana wawaulize wahudumu wa kliniki kuhusu saa za dawa, wasijiamulie wenyewe. Neno la daktari watalisikia. La imamu ndilo litakalowatoa haya mbele ya baba zao.

Nasi kina mama tunayo sehemu yetu, na haingoji jeneza. Tumtembelee mwenzetu mwanawe angali hai, tukae naye, tusimhoji malezi yake. Siku ya msiba tusiulize sababu ya kifo.

Mjane naye asisahauliwe. Mara nyingi mke wa mtumiaji unga ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba kwa mahamri na viazi vya karai, na sasa yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanamruhusu kutoka mchana kwa haja yake, lakini wengi hawajaambiwa, au wanaogopa macho ya majirani. Imamu amweleze hukumu hiyo, nayo kamati ya msikiti imtazame katika zaka akiwa miongoni mwa mafukara. Ama jirani mwenye jiko, aweza kumchomea mahamri yake alfajiri na kumpelekea fedha jioni.