Ngome za Kanda ya Ziwa Zisomwe Kuanzia Ndani

Historia ya ngome katika Afrika Mashariki imezoeleka kuanzia pwani, kwenye Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na inapofika Ziwa Viktoria huruka moja kwa moja hadi kwenye maboma ya Wajerumani. Kwa mazoea hayo Mwanza huhesabiwa kuwa imeanza mwaka 1892, kituo cha Wajerumani kilipowekwa, na jengo la kilimani linaloitwa kwa jina la mtawala Theodor Gunzert huonyeshwa wageni kana kwamba kabla yake hakuna aliyejilinda katika nchi hii. Makala hii inapinga mpangilio huo, kwa sababu ngome haifahamiki kwa kumtazama aliyeijenga tu. Kwanza huulizwa ililinda nini.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ambako kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Ohinga ni boma la mawe linalozunguka makazi ya watu pamoja na mifugo yao, na hapo yapo manne makubwa, mojawapo likiitwa Kochieng. Kuta hizo, zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zilijengwa bila udongo wala chokaa: mawe yasiyochongwa yalipangwa safu ya nje na safu ya ndani, katikati pakashindiliwa mawe madogo, na uzito wa jiwe moja ukalishikilia jingine. Mlango ni mwembamba, umefunikwa juu kwa mawe marefu, kiasi kwamba kundi la wavamizi lisingeweza kupita kwa pamoja. Ndani yamo mazizi, alama za nyumba, mahali pa wahunzi, na mwamba uliochimbwa vishimo vya kuchezea bao. Waliofuatana kukaa humo, Wabantu na baadaye Wajaluo, waliendelea kuzikarabati kuta hadi karne ya 20, kwa kuwa kilicholindwa kilikuwa maisha yao wenyewe.

Boma la kikoloni lililinda bandari, kodi na bendera. Julai 1916, Waingereza walipoufikia mji wa Mwanza baada ya kuitwaa Ukerewe mwezi uliotangulia, Wajerumani waliuacha wakarudi nyuma kuelekea kusini, na wenyeji wakabaki palepale chini ya mtawala mwingine.

Kwa upande wa Usukuma kazi ya mwanahistoria ni ngumu zaidi, kwa kuwa vijiji vingi vya karne ya 19 vilizungushiwa minyaa, mmea wenye utomvu mweupe unaounguza macho, ambao hauachi gofu unapokufa. Anayetafuta mawe peke yake hataziona ngome hizo; itambidi awaulize wazee mipaka ya makazi ya zamani na kuifuata safu ya minyaa iliyosalia mashambani.

Mawe nayo hayana muda mwingi. Katika vilima vya Mwanza miamba huchomwa moto mpaka ipasuke, kisha hupondwa kuwa kokoto za ujenzi, na ni haki ya wapasuaji kujipatia riziki. Lakini ukuta wa kale ukiwa kwenye rundo la kokoto haurudi tena. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kila jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na ngome zimetajwa humo waziwazi, ila hakuna ofisa anayeweza kulinda ukuta ambao haujaandikwa popote. Kwa hiyo kila kibali cha kupasua mawe kitanguliwe na ukaguzi wa kilima husika, ukifanywa na mtaalamu wa mambo ya kale akiongozana na wazee wa kijiji, na michoro yake ihifadhiwe Mwanza kwenyewe, mahali ambapo wanafunzi wa kanda hii wanaweza kuifikia.