TAHARIRI: TUSIFUNGUE ZIZI KWA MDOMO WA DALALI

Ndugu wanakijiji, mwenzetu mmoja ameuza ng'ombe wawili, pesa akampa dalali aliyeahidi kumpatia mwanawe, fundi umeme, kibali cha kuishi Kanada. Dalali keshatoweka. Hatumcheki mwenzetu, sisi wenyewe tumejua kusoma ukubwani, kwenye kisomo.

Ila tujue hivi: tangu 2015 Kanada hupokea majina ya mafundi na wataalamu kwa kompyuta, na kujiandikisha ni bure. Wanapima umri, elimu, uzoefu wa kazi na mtihani wa Kiingereza au Kifaransa. Mtihani na ada za baadaye hulipiwa, nazo zina stakabadhi. Dalali hana kibali cha kuuza.

Wazazi, kabla hamjauza kitu, leteni karatasi ofisini tuzisome pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu