Nyiragongo inahitaji mtu wa kuitazama kila siku

Wakaaji wengi wa Goma wakisikia kwamba Wamarekani wanatuma mashine hadi kwenye sayari ya Jupita, huuliza: faida gani, wakati watu wanalala kwenye mahema? Swali hilo ni la haki. Lakini kuna kisa kimoja cha huko Jupita ambacho mtu anayeishi chini ya volkano anapaswa kukijua.

Mwezi wa tatu mwaka 1979, chombo Voyager 1, kisichokuwa na mtu ndani, kilipita karibu na Jupita na miezi yake. Huko California, Linda Morabito alikuwa katika kundi la kufuatilia njia ya chombo hicho. Kazi yake haikuwa kutafuta volkano. Alikuwa anapima nyota katika picha ya mwezi unaoitwa Io, ili ijulikane chombo kiko wapi hasa. Pembeni mwa Io akaona kitu kama wingu. Angeweza kusema ni kasoro ya kamera na kuendelea na kazi. Yeye na wenzake walichunguza kila sababu, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki moja tu: volkano inatapika, wingu lake likipanda zaidi ya kilomita 250. Hiyo ndiyo volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya dunia.

Kamera ilipiga picha tu. Aliyeona ni mfanyakazi aliyelipwa ili atazame.

Nyiragongo haiko mbali hivyo. Inaonekana kutoka mjini. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ililipuka jioni, wakaaji hawakuonywa. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku 5 baadaye, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama, na familia zikabeba magodoro kuelekea Sake, Minova na Rwanda.

Mitambo ya kupima mitetemeko ni ya lazima, lakini haitoshi. Inataka umeme, intaneti, na zaidi ya yote mtu mwenye mshahara anayekesha akisoma alama zake. Misaada huja moto ukiisha kushuka. Wakubwa wabadilishe mpango huo: anayetazama mlima alipwe kwanza, kabla ya mahema kununuliwa.

Familia iliyoonywa mapema huondoka mchana, watoto wakihesabiwa. Isiyoonywa hukimbia usiku, na watoto hupotea njiani.